Kwa Nini Mota Mpya ya Kreni Huungua? Somo la Umeme na Joto kutoka Kiwandani

Katika masomo ya fizikia ya sekondari mwanafunzi hufundishwa kwamba waya unaopitisha mkondo wa umeme hupata joto, na kwamba joto hilo hufuata mraba wa mkondo. Huikariri kanuni, hufanya hesabu mbili tatu, huijibia mtihani, kisha huisahau. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kanuni hiyo fupi ndiyo iliyokuwa ufunguo wa tatizo lililokaribia kukisimamisha kiwanda, na ambalo lingeweza pia kuwapotezea watu maisha yao. Walimu wataweza kuitumia habari hii kama somo la marudio. Wanafunzi nao watapata mahali pa kuipima akili yao kabla ya kusoma jawabu.

Tatizo lenyewe

Kiwanda ninachokisimulia, ambacho sitakitaja jina, kinasubu chuma. Chuma chakavu huyeyushwa katika tanuri, humiminwa katika ndoo kubwa, kisha ndoo hiyo hubebwa na kreni hadi penye kalibu za mchanga. Kreni yenyewe ni daraja la chuma linalotembea juu ya reli mbili zilizoinuliwa karibu na paa, moja kila upande wa jengo. Juu ya daraja kuna gari dogo lenye mota, gia, breki, na ngoma ya kuzungushia kamba ya waya. Kamba hiyo hupita katika kapi na kushika kulabu. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kuinuliwa ni tani 5, na mwendo wa kuinua ni meta 6 kwa dakika, yaani meta 0.1 kwa sekunde.

Mota ya kuinulia ilikuwa imefanya kazi miaka mingi, hata siku moja ikaungua. Iliyo sawa nayo haikupatikana. Basi ikanunuliwa mpya, ambayo kibati chake kilionyesha nguvu ile ile ya kilowati 7.5, volti zile zile 400, hezi zile zile 50, na mwendo uliokaribiana sana na ule wa zamani, mizunguko 1,440 kwa dakika. Fundi aliifunga kwa uangalifu na kazi ikaanza. Kabla ya wiki moja kwisha, harufu ya vanishi iliyoungua ilianza kusikika. Kisha rilei ya kinga, ambayo kazi yake ni kukata umeme mota inapopata moto, ikaanza kukata mara kwa mara. Ili kazi isisimame, rilei iliyokuwa imewekwa kwenye ampea 15 ikasogezwa hadi ampea 20. Wiki tatu baadaye mota iliungua kabisa. Ikanunuliwa ya pili, nayo ikaanza kutoa harufu ile ile. Hapo ndipo nilipoitwa.

Msomaji asidhani kwamba hasara ilikuwa ya fedha tu. Kreni ikikatika umeme, breki yake hubanwa na springi na mzigo hubaki umening'inia palepale ulipo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa chuma kilichoyeyuka, chenye halijoto ya nyuzi 1,300 za Sentigredi au zaidi. Chuma cha kusubu huanza kuganda kinapokaribia nyuzi 1,150, kwa hiyo ndoo iliyokwama hewani haiwezi kungojewa mpaka mota ipoe. Mara mbili wafanyakazi walilazimika kupanda juu na kuilegeza breki kwa mkono, kidogo kidogo, wenzao wakiwa chini karibu na ndoo. Kosa dogo la mkono mmoja lingetosha kuleta msiba.

Joto la mota hutoka wapi?

Mota ya umeme hugeuza nishati ya umeme kuwa kazi ya mwendo, lakini si nishati yote inayogeuka. Sehemu yake hupotea kama joto. Mota ya kilowati 7.5 yenye ufanisi wa asilimia 87 huvuta karibu kilowati 8.6 kutoka kwenye nyaya, na ile tofauti ya kilowati 1.1 hubaki ndani yake kama joto. Hilo ni joto la pasi ya umeme nzima.

Joto hilo lina vyanzo vinne. Cha kwanza ni mkondo unaopita katika mizingo ya shaba ya stata, ile sehemu isiyozunguka. Cha pili ni mkondo unaopita katika rota, ile sehemu inayozunguka. Cha tatu ni chuma chenyewe, ambacho usumaku wake hugeuzwa huku na huku mara nyingi kila sekunde. Cha nne ni msuguano wa beringi na wa hewa. Vyanzo viwili vya kwanza hufuata sheria aliyoitangaza James Prescott Joule mwaka 1841:

Joto = mraba wa mkondo × ukinzani × muda

Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukizidi mara sita, joto huzidi mara thelathini na sita. Msomaji aishike hesabu hii ya mwisho, kwani tutairudia.

Joto linalozalishwa lazima litoke nje. Katika mota za kawaida hutolewa na feni iliyofungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulisahau: feni hiyo hupepea pale tu mota inapozunguka. Mota ikisimama, feni nayo husimama. Ikizunguka polepole, upepo huwa hafifu.

Kinachoharibika kwanza mota inapopata moto si shaba wala chuma, bali ni kihami kinachozifunika nyaya. Vihami vimepangwa katika madaraja yenye herufi, na kila daraja lina kiwango chake cha juu cha halijoto: A nyuzi 105, E nyuzi 120, B nyuzi 130, F nyuzi 155, na H nyuzi 180. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi, kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hicho hupunguza umri wa kihami kwa nusu. Kihami ambacho kingedumu miaka 20 kikizidishiwa nyuzi 40 huenda kisidumu zaidi ya mwaka mmoja na robo.

Mkono si kipimajoto

Jambo la kwanza nililoambiwa kiwandani ni kwamba "mota haigusiki." Kauli hiyo haikuthibitisha kitu. Mkono wa mtu hauwezi kuvumilia chuma chenye nyuzi 60 kwa zaidi ya sekunde chache, ilhali ganda la mota nzima iliyo kazini laweza kufika nyuzi 70 au hata zaidi bila hatari yoyote. Kinyume chake, ganda laweza kuwa vuguvugu tu, na huku ndani mizingo inaungua.

Njia bora ni kuiacha shaba yenyewe iwe kipimajoto. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa utaratibu maalumu halijoto inapopanda. Tukipima ukinzani wa mzingo mota ikiwa baridi, kisha tukaupima tena mara baada ya kazi, tunaweza kuipata halijoto ya ndani kwa kanuni hii:

R2 ÷ R1 = (235 + T2) ÷ (235 + T1)

Hapa R1 ni ukinzani wakati halijoto ni T1, na R2 ni ukinzani wakati halijoto ni T2. Namba 235 ni ya shaba. Madini mengine yana namba zake.

Asubuhi kabla ya kazi, halijoto ya mota ilikuwa nyuzi 30 na ukinzani omu 1.20. Baada ya saa mbili za kazi tuliusimamisha mtambo, tukaukata umeme na kuifunga swichi kuu kwa kufuli, kisha tukapima upesi kwa daraja la kupimia ukinzani, ambalo ni ndugu wa daraja la Wheatstone lililo katika maabara za shule. Tulipata omu 1.68. Basi:

1.68 ÷ 1.20 = 1.4
235 + T2 = 1.4 × (235 + 30) = 371
T2 = 371 − 235 = nyuzi 136

Kihami cha mota hiyo kilikuwa cha daraja B, ambacho kikomo chake ni nyuzi 130. Tena nyuzi 136 ni wastani wa mzingo mzima, maana yake ziko sehemu za ndani zilizokuwa na moto zaidi ya huo. Sasa tulikuwa na ushahidi: mota ilikuwa ikiungua kwa hakika.

Uchunguzi wa hatua kwa hatua

Daktari mwema haandiki dawa kabla ya kumpima mgonjwa, na fundi naye asibadilishe kitu kabla ya kuuliza maswali kwa mpango. Tuliyauliza maswali yafuatayo, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: Je, mzigo umezidi uwezo wa mota? Tufanye hesabu. Mzigo wa tani 5 ni kilo 5,000, na uzani wake ni 5,000 × 9.8 = nyutoni 49,000. Kuuinua kwa mwendo wa meta 0.1 kwa sekunde kunahitaji nguvu ya 49,000 × 0.1 = wati 4,900. Tukichukua kwamba gia, kapi na kamba hupitisha asilimia 80 tu ya nguvu zinazopewa, mota itatakiwa kutoa 4,900 ÷ 0.8 = wati 6,125, yaani karibu kilowati 6.1. Mota yetu ni ya kilowati 7.5. Mzigo haukuzidi.

Swali la pili: Je, mota imeunganishwa sawasawa? Mizingo mitatu ya stata huweza kuunganishwa kwa umbo la nyota au la pembetatu. Mota iliyokusudiwa pembetatu kwa volti 400 ikiunganishwa nyota, kila mzingo hupata volti 230 tu, na kani ya kuzungusha hushuka hadi theluthi moja. Ikibebeshwa mzigo wake kamili itazunguka kwa shida na kuvuta mkondo mkubwa kupita kiasi. Kosa hili ni la kawaida mota inapobadilishwa, kwani fundi huiga muungo wa mota ya zamani bila kusoma kibati cha mpya. Tulisoma kibati, tukafungua kisanduku cha nyaya: muungo ulikuwa sahihi.

Swali la tatu: Je, marudio ya umeme yanalingana? Katika nchi zetu umeme hurudia mara 50 kwa sekunde, lakini Marekani na baadhi ya nchi nyingine hutumia hezi 60. Mota ya volti 380 na hezi 60 ikiletwa kwenye volti 400 na hezi 50, usumaku ndani ya chuma chake huongezeka kwa karibu robo. Chuma hushiba usumaku, mkondo hupanda, na mota hupata moto hata isipokuwa na mzigo. Mota yetu ilikuwa ya hezi 50. Hapakuwa na kosa.

Swali la nne: Je, volti ni sawa katika fezi zote tatu? Kreni hupokea umeme kwa viatu vya kaboni vinavyoteleza juu ya reli za shaba. Kiatu kimoja kikichakaa, fezi moja huwa dhaifu au hukatika kabisa, na mota hubaki ikijikokota kwa fezi mbili huku mkondo wake ukipanda. Hata tofauti ndogo ya asilimia chache katika volti huweza kuleta tofauti ya mikondo iliyo kubwa mara sita hadi kumi kuliko hiyo. Tulipima mota ikiwa kazini, tukapata volti 388, 391 na 390. Tofauti hii ni ndogo mno kuweza kulaumiwa.

Swali la tano: Je, breki huachia kikamilifu? Breki ya kreni hufunguliwa na sumaku ya umeme. Ikiwa koili ya sumaku hiyo si ya volti zinazofaa, au nafasi ya bitana si sahihi, breki hubaki ikikwaruza na mota hulazimika kuburuta mzigo na breki pamoja. Tulipima nafasi, tukagusa ngoma ya breki baada ya kazi. Ilikuwa na joto la kawaida.

Swali la sita: Je, hali ya mahali inairuhusu mota kufanya kazi kamili? Uwezo unaoandikwa kwenye kibati huchukulia hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Miji kama Nairobi na Mbeya iko juu ya meta 1,600, ambako hewa ni nyepesi na haichukui joto vizuri. Kiwanda chetu kilikuwa nyanda za chini, na hewa chini ya paa ilikuwa nyuzi 38. Tulikuwa karibu na mpaka, lakini bado ndani yake.

Fumbo

Mwishoni tulipima mkondo. Kreni ikiinua mzigo kamili, kila fezi ilionyesha ampea 13. Kibati kiliruhusu ampea 15. Kwa kipimo hicho, mota haikuwa na sababu ya kuungua.

Nakiri kwamba hapo nilikwama. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mota tulizozipima katika maabara zilizungushwa saa nyingi mfululizo, zikivuta mzigo usiobadilika, na vipimo tulivisoma kwa raha yetu. Kwa mota ya namna hiyo, ampea 13 pale panaporuhusiwa 15 lingekuwa neno la mwisho. Basi nikapanda juu kwenye chumba cha mwendesha kreni, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, nikamwomba ruhusa ya kukaa naye siku nzima nikimtazama.

Niliyaona mambo mawili. La kwanza, mzee hakuishika swichi kwa muda mrefu. Ndoo ya chuma cha moto haitupwi. Hushushwa kwa adabu. Alikuwa akidonoa: swichi kidogo, aache, kidogo tena, aache. Niliposhika saa na kuhesabu, nilipata kwamba wakati wa kumimina aliiwasha mota mara 5 kwa dakika, yaani mara 300 kwa saa.

La pili alinieleza mwenyewe. Alinionyesha sanduku kubwa la chuma lenye matundu, lililofungwa juu ya daraja la kreni, akasema, "Daktari, zamani tulikuwa tukipashia chakula chetu juu ya lile sanduku. Tangu ilipoletwa hii mota mpya, limepoa kabisa."

Nilishuka ngazi nikiwa nimekwisha kulipata jawabu. Msomaji asimame hapa kidogo ajiulize: joto lililokuwa katika sanduku lile limekwenda wapi?

Sanduku lililopoa

Mota ya kwanza na mota ya pili hazikuwa za aina moja, ingawa nguvu zake zilikuwa sawa.

Mota mpya ilikuwa na rota ya kizimba. Rota hii ina fito za alumini au shaba zilizounganishwa kwa pete miishoni, mfano wa tundu la ndege. Mota ya fezi tatu ya namna hii iliundwa na Mikhail Dolivo-Dobrowolsky huko Ujerumani mwaka 1889, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi viwandani kwa sababu ni rahisi na imara. Stata hutengeneza usumaku unaozunguka mara 1,500 kwa dakika. Usumaku huo ukizikata fito za rota, huzalisha mkondo ndani yake kwa kanuni ya Faraday, na mkondo huo ndio unaoizungusha rota. Rota ikiwa katika mwendo wake wa kawaida wa mizunguko 1,440, tofauti baina yake na usumaku ni mizunguko 60 tu, na mkondo huwa wa wastani. Lakini wakati wa kuwashwa rota imesimama, na tofauti ni mizunguko 1,500 kamili. Mkondo huruka mara tano, sita, au hata saba ya ule wa kawaida.

Mota ya zamani ilikuwa na rota iliyofungwa nyaya, na miisho ya nyaya hizo ilitolewa nje kwa njia ya pete tatu na brashi za kaboni, ikaunganishwa na vikinza vilivyokuwa katika lile sanduku. Mota inapowashwa, vikinza huupunguza mkondo usizidi mara mbili hivi ya ule wa kawaida, na sehemu kubwa ya joto la rota huzaliwa ndani ya sanduku, nje ya mota, mahali penye hewa ya kutosha. Mwendo ukipanda, vikinza huondolewa kimoja kimoja. Kibati cha mota ya zamani, tulipokitafuta stoo, kilikuwa na safu ya pili ya namba: rota, volti 150, ampea 30. Pia kilikuwa na maandishi "S4 – 40%". Kibati cha mota mpya kiliandikwa "S1" tu.

Alama hizi ni za kimataifa. S1 maana yake ni kazi mfululizo: mota huwashwa, hufikia halijoto yake, huendelea hivyo. Mfano ni mota ya pampu au ya mashine ya kusaga. S4 ni kazi ya vipindi ambayo joto la kuwasha limehesabiwa ndani yake. Asilimia 40 maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 mota hufanya kazi dakika 4 na kupumzika dakika 6. Walionunua mota mpya walilinganisha kilowati, volti, hezi na mwendo, lakini hawakuilinganisha kazi.

Hesabu inayoeleza yote

Sasa turudi kwa Joule. Tuseme mota ya kizimba huvuta mkondo mara 6 kila inapowashwa, na kila mdonoo huchukua nusu ya sekunde. Joto la mizingo katika nusu sekunde hiyo ni 36 × 0.5 = 18. Yaani nusu sekunde ya kuwasha hutoa joto sawa na sekunde 18 za kazi ya kawaida.

Kwa midonoo 300 katika saa moja:

300 × 18 = sekunde 5,400

Saa moja ina sekunde 3,600. Basi katika saa moja ya kumimina, kuwasha peke yake kulileta joto la saa moja na nusu ya kazi kamili, kabla hatujahesabu kazi yenyewe ya kuinua. Tena wakati huo wote feni ilikuwa haijapata hata nafasi ya kuzunguka sawasawa.

Tufanye hesabu ile ile kwa mota ya zamani. Mkondo ni mara 2, joto ni mara 4, na nusu sekunde ni sawa na sekunde 2. Kwa midonoo 300 tunapata sekunde 600, yaani dakika 10 tu. Na joto kubwa la upande wa rota lilikuwa likiwapashia wazee chakula.

Na ampeamita je? Mbona ilisema kweli na bado ikatupotosha? Ilipima mota ikiwa katika mwendo wa kawaida, na hapo mkondo ulikuwa ampea 13 kwa hakika. Midonoo ya nusu sekunde ilipita kabla sindano yake haijatulia. Rilei ya kinga, ambayo hukusanya joto kidogo kidogo kama mota yenyewe, ndiyo iliyokuwa ikisema kweli yote. Nayo ndiyo iliyonyamazishwa.

Tiba

Jambo la kwanza lililofanyika siku ile ile ni kuirudisha rilei kwenye ampea 15 na kuzuia kreni isibebe chuma cha moto hadi itakapotengenezwa. Mzigo wa kawaida uliruhusiwa, kwa midonoo michache. Kisha ikatafutwa mota ya pete iliyotengenezwa kwa kazi ya kreni, ya S4, ambayo volti na ampea za rota yake zililingana na zile za zamani ili vikinza vilivyopo vifae. Sharti hili la mwisho ni muhimu. Mota ya pete yenye namba tofauti za rota ikiunganishwa na vikinza visivyoifaa, kani ya kuzungusha huwa ndogo au mkondo huwa mkubwa mno, na matatizo huanza upya.

Iko njia nyingine, ambayo viwanda vingi huifuata siku hizi: kutumia mota ya kizimba pamoja na kifaa cha kielektroniki kinachobadili marudio ya umeme. Mota huanzishwa kwa hezi chache, usumaku huzunguka polepole, na mkondo hauruki. Lakini mota hiyo yafaa iwe na feni yenye mota yake ya pembeni, kwani mwendo wa polepole hauleti upepo. Na mzigo unaposhushwa, nishati yake hurudi katika kifaa, mara nyingi ikaishia katika vikinza vya nje. Joto haliwezi kufutwa. Huchaguliwa tu mahali pa kulitupa.

Baada ya mota ya pete kufungwa, tulipima tena kwa utaratibu ule ule. Asubuhi halijoto ilikuwa nyuzi 30, na baada ya saa mbili za kazi ukinzani wa stata ulikuwa umezidi ule wa asubuhi mara 1.2. Msomaji akifanya hesabu atapata nyuzi 83. Sanduku nalo likarudia moto wake. Tulilizungushia wavu, na chakula kikapatiwa mahali pengine.

Jaribio la darasani

Walimu wasijaribu kufanya majaribio haya kwa umeme wa ukutani. Betri ya gari ya volti 12 na rheostati vinatosha. Tumbukiza koili ya waya wa nikromu yenye ukinzani wa omu 2 katika gramu 50 za maji ndani ya kikombe kilichofunikwa kwa pamba. Pitisha ampea 1 kwa dakika 5, ukikoroga, na uandike halijoto ilivyopanda. Mwaga maji, weka mengine, kisha urudie kwa ampea 2. Kwa hesabu, mara ya kwanza halijoto itapanda karibu nyuzi 3, na mara ya pili zaidi kidogo ya nyuzi 11. Vipimo vyenu vitakuwa chini kidogo ya hapo, kwa sababu kikombe nacho huchukua joto. Waulize wanafunzi: kwa nini mkondo umezidi mara mbili na joto limezidi mara nne?

Maswali ya kujipima

1. Mzingo wa shaba una omu 0.80 katika nyuzi 25. Baada ya kazi una omu 1.00. Tafuta halijoto yake mpya.

2. Kreni yainua tani 3 kwa mwendo wa meta 0.2 kwa sekunde, na ufanisi wa gia na kamba ni asilimia 75. Mota yatakiwa itoe nguvu kiasi gani?

3. Mota huvuta mkondo mara 5 inapowashwa, kwa sekunde 0.4. Ikiwashwa mara 180 kwa saa, kuwasha huko ni sawa na muda gani wa kazi ya kawaida?

4. Mwenzako ana mota inayokata umeme mara kwa mara, naye ataka kuipandisha rilei. Mwandikie barua fupi ya kumweleza akague nini kwanza, na kwa nini.

Majibu: (1) Nyuzi 90. (2) Wati 7,840. (3) Dakika 30.

Swali la nne halina jibu moja, na ndilo kubwa kuliko yote. Kabla hujaandika barua hiyo, kamwulize kwanza yule anayeiendesha mota kila siku.